Mgeni Asiyeweza Kula Mkate Wetu



Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twajisifu kwa neno hilo. Afikaye mlangoni wakati wa chakula hunawishwa mikono, huketishwa na kulishwa kabla hajaulizwa habari za safari yake. Mgeni akikataa chakula, mwenyeji huona haya. Hudhani amedharauliwa, au amedhaniwa kuwa mchawi. Basi swali tunalotaka kulitazama leo ni hili: mgeni akituambia kwamba chakula chetu chamdhuru, nasi hatuoni kidonda wala homa mwilini mwake, je, yatupasa kumsadiki? Na tukimsadiki, yatupasa kutenda nini?

Swali hili hatuliulizi kwa kujifurahisha. Lilitufika Krismasi iliyopita, na sisi wenyewe tulilijibu vibaya.

Yuko binti mmoja wa mtaa huu ambaye zamani tulimfundisha kusoma na kuandika. Sasa ni muuguzi Uingereza. Alikuja nyumbani kwa majuma matatu, akafikia kwa shangazi yake. Siku ya kwanza alieleza kwa upole kwamba madaktari wa huko wamemkuta na maradhi mawili, na kwa sababu hiyo hawezi kula kitu chochote cha ngano, na baadhi ya vyakula vingine humletea taabu ya ghafula. Chapati alizikataa, na maandazi pia. Wali, ugali, mihogo na ndizi alikula vizuri. Watu wakasema chinichini kwamba mtoto wa kwetu amejifanya Mzungu.

Jumanne shangazi yake alipika jodari wa nazi, aliyetoka pwani asubuhi ile. Binti alikula akaomba mchuzi tena. Jumatano akaletwa jodari mwingine, na Alhamisi, siku ambayo sisi tulialikwa, kilichobaki kikapashwa moto.

"Shangazi, niwie radhi," alisema binti, "samaki huyu sitamweza."

"Mwanangu, Jumanne ulikula samaki huyu huyu. Leo amekuwa sumu?"

Hapo tukaingilia sisi, tena kwa sauti ile ya darasani. Tukamwambia, "Onja kidogo tu, umpe shangazi yako heshima. Kidogo hakidhuru."

Alitutazama, akajibu, "Haya, Mwalimu," akala matonge mawili.

Haikupita nusu saa uso ukamwiva, vipele vikamtoka shingoni na mikononi, akashika tumbo, akasema macho yanaingia giza, akaanguka. Sisi hatukumwokoa. Aliyemwokoa ni binamu yake, kijana wa kidato cha pili, ambaye alikuwa ameonyeshwa siku ya kwanza mahali ilipo sindano ya adrenalini mkobani na namna ya kuipiga pajani. Kisha alipelekwa hospitali, akalala usiku mmoja, akarudi salama. Shangazi yake alilia sana. Sisi hatukuweza hata kulia, kwa aibu.

Baada ya hayo tulimwomba binti atueleze, naye alitueleza kwa subira, na kutupa ruhusa ya kuyaandika haya bila kulitaja jina lake.

Ugonjwa wa kwanza huitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, imo protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukutana na gluteni ikaghadhibika, ikaushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Ukuta wa utumbo una vijidole vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufyonza chakula. Vijidole hivyo hulala na kuisha. Ndipo mtu hula na asipate nguvu. Wengine huharisha na kuvimba tumbo, wengine hupungukiwa na damu, watoto hudumaa, na wako ambao tumbo haliwaumi hata kidogo huku mwili ukiharibika. Hakuna dawa ya kuuondoa. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Na kidogo kinadhuru: kwa kanuni za chakula za kimataifa, chakula kiitwacho kisicho na gluteni hakiruhusiwi kuzidisha miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Makombo ya mkate tu yanatosha kuharibu sahani nzima.

Namna ugonjwa huu ulivyofahamika yafaa isimuliwe. Daktari Samuel Gee wa London aliueleza vizuri mwaka 1888, akahisi kwamba uponyaji wake umo katika chakula, ila hakujua ni chakula gani. Aliyejua ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja kijana alimwambia kuwa mtoto wake hupata nafuu kila amwondoleapo mkate. Dicke angeweza kumcheka, maana mkate ndio uliokuwa chakula cha kila nyumba. Hakumcheka, alianza kujaribu. Kisha ikaja njaa kuu ya Uholanzi ya kipupwe cha 1944 hadi 1945, wakati wa vita. Watu wapatao 20,000 walikufa, na wengine walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ulikuwa haba. Lakini watoto wa seliaki hawakuzidi kuugua kwa kuukosa, na mkate uliporudi baadhi yao waliugua tena. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake Utrecht, na dunia ikaelewa kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru.

Ugonjwa wa pili ni wa seli ziitwazo masti. Kila mmoja wetu anazo, katika ngozi, katika njia za pumzi na tumboni. Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyezipa jina mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi. Alizikuta zimejaa chembe ndani, akadhani zimelishwa zikanenepa, akaziita kwa neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Kumbe ni walinzi wenye mabomu mifukoni. Chembe zile zina histamini na vitu vingine. Adui akiingia, seli hufunguka na kumwaga, mwili ukavimba na kuwasha ili kumfukuza. Katika ugonjwa, seli hizi huwa nyingi kupita kiasi, au hufunguka pasipo adui. Joto laweza kuzifungua, na baridi pia, mchubuko wa nguo, mwiba wa nyuki, kileo, baadhi ya dawa za maumivu, hata hofu na huzuni. Na samaki kama jodari akikaa pasipo barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani yake, na moto wa jikoni hauiondoi. Wavuvi wetu wajua kwamba jodari aliyelala huwasha midomo. Kilichowasha midomo ya wavuvi kilimwangusha binti chini.

Maradhi haya mawili si kitu kimoja, lakini yaweza kumfika mtu mmoja, tena mara nyingine pamoja na mengine ya kinga. Mwenye seliaki, kwa mfano, huelekea zaidi kuliko wengine kupata kisukari cha utotoni au ugonjwa wa tezi ya shingo. Taabu yake basi ni kubwa. Tumbo likimuuma, hajui ni lipi kati ya mawili.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe tunalotaka kulisema. Seliaki ina sheria. Ngano ni mwiko leo, kesho na siku zote, na mtu mwenye sheria humwelewa upesi, kama tunavyomwelewa jirani Mwislamu asiyekula nguruwe. Tena seliaki ina ushahidi: damu hupimwa, kipande kidogo cha utumbo hutazamwa kwa hadubini, daktari akasema ndiyo au siyo. Ugonjwa wa seli za masti hauna sheria nyepesi namna hiyo. Chakula kilicholiwa Jumanne kwa amani chaweza kuleta balaa Alhamisi, kwa kuwa jua lilikuwa kali, au usingizi ulikuwa haba, au samaki amelala. Na ushahidi wake hutoroka. Kiko kipimo cha damu kinachosaidia, lakini damu yapasa ichukuliwe saa chache tu tangu shambulio lianze. Mgonjwa akifika hospitali jioni yake au kesho yake, kipimo chaweza kusema kwamba hana neno.

Basi mtu wa namna hii, akisema kweli tupu, hufanana na mwongo. Maneno yake ya leo hayalingani na ya juzi. Sisi walimu, pamoja na mahakimu na wazazi, tumezoea kumkamata mwongo kwa njia hiyo hiyo: twamwuliza mara mbili tuone kama majibu yanalingana. Ni njia njema kwa wezi wa kalamu, lakini mwili haukula kiapo cha kufanana na jana.

Tukiwa kitandani usiku ule, tulimkumbuka mtoto mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipotoka chuo cha ualimu, tulipangiwa shule moja ya mikoa ya kati. Mvua zilikuwa haba, na shule ilipokea bulga ya msaada, yaani ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupondwa. Watoto waliifurahia, wala hatuwalaumu walioileta, maana iliokoa wengi. Lakini mtoto mmoja wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye tumbo kubwa, kila baada ya chakula aliomba ruhusa kwenda chooni, na hakurudi mpaka somo liishe. Alisema, "Mwalimu, bulga yaniuma tumbo." Tulimjibu kwamba wenzake mia mbili wanaila na hawaumwi, tukamchapa viboko viwili mbele ya darasa. Muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Hatudai kwamba alikuwa na seliaki. Minyoo yaweza kufanya hivyo, na amiba, na njaa ya muda mrefu. Wala kosa letu halikuwa kutoujua ugonjwa, maana chuoni hatukufundishwa. Kosa letu ni kwamba tulihesabu matumbo ya wengi yakawa ushahidi juu ya tumbo la mmoja. Yule mama wa Uholanzi alisikilizwa na daktari, na kwa ajili yake watoto wasio na idadi wanaishi. Mtoto yule alisema neno lile lile, akajibiwa kwa fimbo. Adhabu ya kaburi, walisema wazee wetu, aijuaye maiti.

Atauliza mtu: na wanaojisingizia je? Wako. Twawajua wanafunzi walioumwa kila siku ya mtihani. Lakini tuyapime makosa mawili. Tukimsadiki mwongo, tumepoteza chapati moja na nafasi ya kujisifu kwa mapishi. Tukimkataa msema kweli, twaweza kumpeleka kaburini, au kumfundisha kuwa maumivu yake hayana pa kusemwa. Makosa haya hayalingani uzito. Mwenye busara, akiwa hana budi kukosea, huchagua lile dogo.

Mwingine atasema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. La hasha. Miongoni mwa watu ambao seliaki imeonekana kuwa nyingi mno ni Wasaharawi wa Afrika ya Kaskazini, waishio jangwani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta watoto zaidi ya 5 katika kila 100 wanao. Uko pia katika nchi za Kiarabu na India, mahali ngano iliwapo. Nasi ngano twaila kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita. Hata hivyo tusikimbilie kujitibu wenyewe. Mwenye kuharisha kusikokwisha, au kupungukiwa damu kusikosikia dawa, aende hospitali kwanza, wala asiache ngano kabla ya kupimwa, maana akiiacha kipimo chaweza kuudanganya moyo wake kwamba ni mzima.

Na watatu atalalamika kwamba mgeni wa namna hii ni gharama. Tulidhani hivyo hata sisi. Kumbe binti hakuomba chakula cha dukani. Mahindi, mchele, mihogo, ndizi, viazi, mtama, ulezi, kunde na nazi, vyote hivi havina gluteni kwa asili. Alichoomba ni mwiko uliooshwa vizuri, mafuta ambayo hayakukaanga maandazi, unga wa mahindi ambao haukusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, na kuambiwa kweli juu ya kilichomo katika unga wa lishe, maana wengine huchanganya ngano humo. Gharama ilikuwa uangalifu tu, na uangalifu ndio tuliomnyima.

Limebaki jambo la madhabahuni, nalo lilituchoma zaidi. Usiku wa Krismasi binti hakukaribia kupokea. Aliketi mahali pake, kichwa chini. Twajua sote watu walivyonong'ona: huko Ulaya amepotea, anaishi na mume bila ndoa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Kweli ni kwamba hostia ni ngano. Kanuni za Kanisa la Uingereza zataka mkate wa Komunio uwe wa unga wa ngano, na Kanisa Katoliki la Roma liliandika mwaka 2003 kwamba hostia yenye gluteni kidogo yaweza kutumika, ila isiyo na gluteni kabisa haifai. Mapokeo yetu yafundisha kwamba apokeaye kwa namna moja tu, yaani divai peke yake, amempokea Kristo mzima. Lakini kikombe nacho huingiwa na ngano, pale kipande cha hostia kitiwapo ndani au watu wachovyapo. Na juu ya hayo divai huziamsha seli zake. Basi mkate hawezi, na kikombe hawezi.

Je, mtu huyu hana sehemu? Kitabu cha Sala cha 1662, katika Komunio ya wagonjwa, kilikwisha kujibu. Chamwagiza Padre amfundishe mgonjwa asiyeweza kupokea kwa kinywa, kwamba akitubu kwa kweli, akiamini kwa uthabiti kuwa Kristo alimfia, na akimshukuru, amekwisha kula na kunywa kwa faida ya roho yake. Ni faraja kuu. Lakini faraja hiyo alipewa mgonjwa, wala sisi wazima hatukupewa iwe kisingizio. Mahali ambapo njia yaweza kupatikana, yatupasa kuitafuta: hostia yenye gluteni ndogo mno, katika chombo chake chenye kifuniko, kisichoguswa na mkono uliogusa nyingine, au, kwa awezaye divai, kikombe cha pembeni. Na asiyeweza hata hivyo, asogee abarikiwe, na watu wajue kusogea huko si alama ya dhambi. Tumekwisha kulisema hili kwa Padre, naye amelipokea.

Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, awaonya walao kila kitu wasimdharau asiyekula. Yeye alinena juu ya dhamiri, wala si tumbo. Lakini kama dhamiri isiyoonekana yastahili heshima mezani, mwili unaoumia wastahili si chini ya hapo. Na yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, ambaye ugonjwa wake haukuonekana na waganga walikwisha kumfilisi, Bwana alisimama njiani kati ya msongamano mpaka akasema habari yake yote.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aseme mapema, kabla sufuria haijatelekwa. Aseme waziwazi, si kwa kuguna. Amwonyeshe mtu mmoja nyumbani ilipo dawa. Aje na chakula chake bila kuona haya. Na atusamehe tunapokosea, maana kujifunza kwetu ni kwa polepole. Binti aliyafanya yote haya. Hata la mwisho alilifanya, nasi ndio tuliokuwa na haja nalo.

Ameandika kwamba atarudi Krismasi ijayo. Shangazi yake amekwisha kununua sufuria na mwiko, ameviweka kabatini, na watoto wamekatazwa kuvigusa. Ameuliza pia wachuuzi wa samaki saa ya mashua kufika. Sisi tumeahidi kuja tukialikwa, tule tutakachopewa, na tusimwambie mtu yeyote kwamba kidogo hakidhuru.

Mwalimu mstaafu